Kinyonga wa Nguu Si Kinyonga wa Usambara

Ukitoka Handeni kwenda Korogwe kwa gari, safari haifiki saa mbili. Njiani waona pori, mibuyu, mashamba ya mahindi, na ukikaribia mto Pangani, mistari ya mkonge. Mbele yako yainuka milima ya Usambara, ambayo mara nyingi imejifunika mawingu. Nyuma yako, mbali upande wa machweo, iko milima ya Nguu, ambayo sehemu yake kubwa imo katika wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Huko nako kuna msitu na ukungu. Katikati ya milima hiyo ni nchi kavu, kama kilometa mia moja hivi.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Katika misitu ya Nguu na ya jirani yake Nguru yuko kinyonga ambaye dume lake lina pembe mbili puani. Usambara Magharibi yuko kinyonga wa pembe mbili. Usambara Mashariki wako pia. Mtu akiwaona atasema ni wale wale, na kwa miaka mingi wataalamu nao walisema hivyo. Wote waliwaandika kwa jina moja. Lakini mwaka 2008, baada ya kuwachunguza upya kwa makini, walitangaza kuwa sivyo. Yule wa Nguu na Nguru ni aina moja, yule wa Usambara Magharibi ni aina nyingine, na Usambara Mashariki kuna aina mbili ambazo si za kule wala kule. Ukoo wao wote waitwa kitaalamu Kinyongia, jina lililotolewa mwaka 2006, nalo, kama usikiavyo, limechukuliwa katika Kiswahili chetu.

Usambara Magharibi na Mashariki hutenganishwa na bonde la mto Lwengera tu, unaoingia Pangani karibu na Korogwe. Mtu wa Bungu aweza kulivuka bonde hilo kwa miguu. Mbona kinyonga hakuvuka? Tena, mbona milima hii ina viumbe vingi hivi visivyopatikana mahali pengine po pote duniani? Jibu lake latupeleka nyuma miaka elfu nyingi, hata mamilioni. Tulifuate pole pole.

MVUA ITOKAYO BAHARINI

Kwanza tuitazame mvua. Kila mkulima wa Handeni ajua kuwa mvua ya kwake ni ya kubahatisha: mwaka huu yaja, mwaka kesho yachelewa, mwaka wa tatu yakatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Lakini Amani, juu ya Usambara Mashariki, mvua ya mwaka mmoja hukaribia milimita 2,000. Handeni ni nusu yake au pungufu.

Sababu yake ni hii. Pepo zivumazo kutoka Bahari ya Hindi zimebeba mvuke. Zikipita juu ya nchi tambarare, mvuke huo huenda nazo. Zikigonga mlima hazina budi kupanda, zikipanda hupoa, na mvuke ukipoa hugeuka matone, kama mvuke wa chungu cha ugali unavyogeuka maji chini ya kifuniko. Ndiyo maana upande wa mlima uelekeao bahari ni mbichi sikuzote. Hata siku isiyo na mvua, ukungu hulowesha majani, nayo majani hudondosha maji chini.

Milima hii ina ndugu zake. Huanzia Taita katika Kenya, hupita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho na Mahenge, hata Udzungwa. Ukiichora katika ramani yapinda kama upinde, kwa hiyo huitwa Milima ya Tao la Mashariki. Mtaalamu wa mimea Jon Lovett ndiye aliyeieneza sana habari yake kwa jina hilo tangu miaka ya 1980. Ni milima mizee. Mawe yake ni ya kale mno, na yasadikiwa kuwa iliinuliwa miaka milioni 30 iliyopita au zaidi. Kilimanjaro, ingawa ni mkubwa kuliko yote, kwa umri ni kijana: ni mlima wa moto usiozidi miaka milioni mbili na nusu hivi. Nao una msitu mzuri, lakini viumbe vyake vya peke yake ni vichache ukivilinganisha na vya Usambara. Hapo twaona kwamba ukubwa wa mlima si kitu. La maana ni muda gani msitu umekaa pale bila kukatika.

ZAMANI ZA BARIDI KUU

Hali ya hewa ya dunia haikuwa sikuzote kama ya leo. Mara nyingi katika miaka milioni mbili iliyopita dunia ilipoa, ikapata joto, ikapoa tena. Baridi ya mwisho ilifika kilele chake yapata miaka 20,000 iliyopita. Nchi za kaskazini mwa Ulaya na nchi yote ya Kanada, karibu, zilifunikwa kwa barafu iliyozidi kilometa moja kwa unene. Kwa kuwa maji mengi namna hiyo yaligandia nchi kavu, bahari ilishuka kama mita 120. Unguja ikaungana na bara, mtu angeweza kwenda kwa miguu bila kulowa. Pemba haikuungana, maana mkondo wake ni wa kina kirefu mno.

Huku kwetu barafu ilikuwa juu ya milima mirefu tu, kama Kilimanjaro. Lakini hewa ilipoa kama digrii nne hadi sita, na pamoja na baridi ulikuja ukame, kwa sababu bahari iliyopoa hutoa mvuke kidogo. Wajua Ziwa Victoria lilivyo kubwa. Meli husafiri humo usiku kucha. Basi, kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, ziwa hilo lilikauka, pakawa mahali pa nyasi. Msitu mkubwa wa Kongo nao ulipungua, na katika sehemu nyingi miti iliachia nchi nyasi.

Basi kama Ziwa Victoria lilikauka, ungetazamia kwamba na misitu ya Usambara ilikufa. Haikufa. Bahari ya Hindi iliyo mbele yetu haikupoa sana kama bahari nyingine. Pepo ziliendelea kuleta mvuke, na milima iliendelea kuukamua. Mvua ilipungua, lakini pamoja na ukungu ilibaki ya kutosha msitu kuishi.

Na baridi je? Hapa mlima ulifaa tena. Mlimani, kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii sita. Mti wa nchi tambarare ukipatwa na baridi ya digrii tano, jamaa zake hawana budi kutafuta joto mamia ya kilometa mbali. Mti wa mlimani washuka mita mia chache tu, ukalikuta joto lake la zamani bondeni. Najua mti hauna miguu. Lakini mbegu zina miguu ya kuazima: hubebwa na ndege, tumbili, popo na maji ya mvua. Kizazi kwa kizazi msitu hushuka kama mtu ashukaye ngazi, na joto likirudi hupanda tena. Ngazi ilikuwa fupi, na ilikuwa na maji juu mpaka chini.

TOPE LIKUMBUKALO

Utauliza, nani alikuwako miaka 20,000 iliyopita akayaona hayo? Shahidi mmoja ni tope. Maua ya miti hutoa unga, uitwao chavua. Unga huo hupeperuka, hutua juu ya vinamasi, huzama, na tope jipya huufunika. Mwaka baada ya mwaka tope hujipanga tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari. Chembe za chavua zina ganda gumu lisilooza upesi, na kila namna ya mti ina chavua ya umbo lake.

Wataalamu wametoboa tope la kinamasi cha Deva-Deva katika milima ya Uluguru, na la kinamasi cha Dama katika Udzungwa. Wakatoa vipande virefu vya tope, wakapima umri wa kila tabaka, wakazitazama chavua kwa darubini. Tope hilo lahesabu miaka zaidi ya 40,000. Waliona namna za miti zikiongezeka na kupungua, baadhi ya miti ya juu ikishuka zamani za baridi. Lakini hata katika zile tabaka za miaka ya ukame mkubwa, chavua za miti ya msitu zimo. Katika maziwa na vinamasi vya nchi nyingine za Afrika, tabaka za miaka ile ile zina nyasi kwa wingi.

NDUGU WALIOTENGANA

Lakini kudumu peke yake hakuzai aina nyingi. Lazima pawe pia na kutengana. Na hapa nchi kavu ya Handeni, ambayo pengine uliidhani haina sehemu katika habari hii, ndiyo yenye kazi kubwa.

Fikiri habari ya Wazigua wa Somalia. Katika karne ya 19, njaa ilipoikumba nchi ya Uzigua, watu wengi walichukuliwa kwa majahazi hata pwani ya Somalia wakafanywa watumwa. Waliojikomboa walikaa kando ya mto Juba, wakaishika lugha yao. Vita vilipozuka huko mwaka 1991, wengi wa wazao wao walikimbia, na wengine wakarudi nchi ya babu zao, wakapokewa Mkuyu, na baadaye Chogo, wilayani Handeni. Waliposema, wazee wa Handeni waliwaelewa. Lakini maneno mengine yalikuwa yamebadilika. Hiyo ni kazi ya chini ya miaka mia mbili tu ya kutengana. Na tazama pia Kizigua, Kinguu, Kisambaa na Kibondei: mtu asikiaye kimoja hapotei sana katika kingine, maana shina lao ni moja, lakini kila kimoja kimeshika njia yake.

Viumbe ni hivyo hivyo. Hapo kale, hali ya hewa ilipokuwa na unyevu mwingi, misitu ya milimani ilishuka na kukaribiana, na kinyonga aliweza kwenda kutoka tawi hata tawi. Ukame ulipokuja, bonde likawa nyika, na kila mlima ukawa kama kisiwa. Kinyonga wa msituni hawezi kuvuka nchi ya jua kali. Angekauka kabla ya kufika. Wale wa Nguu walioana wenyewe kwa wenyewe, wale wa Usambara wenyewe kwa wenyewe. Mabadiliko madogo madogo katika damu ya kila upande yalijilimbikiza, na baada ya vizazi visivyohesabika walikuwa si aina moja tena.

Hivyo milima yetu imefanya kazi mbili. Ni ghala, maana imetunza viumbe vya kale vilivyokufa mahali pengine. Tena ni kitalu, maana imeotesha vipya.

JAMAA WALIO MBALI

Ukitaka kuona ghala lilivyo, mtazame msambu. Wanawake na watoto wa vijiji vya Usambara Mashariki huokota mbegu zake na kuziuza, kwa kuwa zina mafuta mazuri mazito. Mti huu haupatikani nje ya milima ya Tao la Mashariki. Ndugu zake wako wapi? Wako Kongo, Kameruni, Ghana. Kati yao na sisi ni maelfu ya kilometa ya nyika. Sababu ni kwamba zamani sana msitu wa mvua ulitoka pwani ya magharibi ya Afrika hata pwani yetu. Afrika ilipoanza kukauka, zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, msitu ulikatika katikati. Ukaungana, ukakatika tena, si mara moja. Kipande cha mashariki kikabaki juu ya milima yetu, na msambu ndani yake.

Ndege nao wana habari zao. Mwaka 1991, katika milima ya Udzungwa, watafiti waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege wasiyemjua. Walipomtafuta porini walimpata: kwale ambaye vitabu havikumtaja kamwe. Jamaa zake wa karibu si kwale wengine wa Afrika, bali ni ndege wa misitu ya Asia. Na huko Amani, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu alitambuliwa karibu na mwaka 1930 na Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha pale. Ndege huyo yuko Usambara Mashariki, kisha haonekani tena mpaka mlima mmoja wa kaskazini mwa Msumbiji. Moreau ni mmoja wa watu wa kwanza waliofundisha kwamba huwezi kueleza ndege wa Afrika usipojua mvua na ukame wa kale.

Kuna na vyura. Katika misitu hii wako vyura wadogo wasiotaga mayai majini kama wenzao, bali huzaa watoto walio vyura kamili. Ukoo huo wote ni wa Tanzania tu.

Na maua je? Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwa baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau liotalo juu ya mawe yenye unyevu na kivuli. Mwaka 1893 lilipewa jina la kitaalamu kwa heshima ya ukoo wake, na leo lapandwa katika vyungu madirishani Ulaya, Marekani na Japani. Wajerumani waliita ua la Usambara. Huku kwetu lina aina mbalimbali, na mojawapo ina jina la Magunga ya Korogwe. Wangapi Korogwe wajua kwamba jina la kwao limo katika vitabu vya maua vya dunia nzima?

Hesabu iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha wanyama wenye uti wa mgongo 96 wasiopatikana po pote ila katika milima ya Tao la Mashariki: vyura na jamaa zao 38, watambaao 29, ndege 19, na wanyonyeshao 10. Tangu hapo wengi wameongezwa. Mimea ya namna hiyo ni mamia kadhaa.

SASA NI JOTO

Twende mbele kwa haraka hata siku zetu, maana habari hii haijaisha.

Msitu ambao haukuuawa na baridi wala ukame wa miaka elfu nyingi umepunguzwa na shoka na moto. Zaidi ya theluthi mbili ya misitu ya asili ya milima hii imekwisha toweka. Na sasa dunia yapata joto. Tangu karne ya 19 limeongezeka zaidi ya digrii moja. Zamani za baridi msitu ulishuka ngazi. Leo joto laulazimisha upande. Wataalamu waliowahesabu ndege wa Usambara mwaka 2019, wakalinganisha na hesabu ya karibu miaka 40 nyuma, waliona kwamba wengi wa ndege hao wamehama sehemu za chini na kusogea juu. Lakini ngazi ina mwisho. Kilele cha Nilo, kilicho kirefu kuliko vyote vya Usambara Mashariki, hakizidi sana mita 1,500. Ndege akifika kileleni atapanda wapi tena? Na zile ngazi za katikati zimekatwa kwa mashamba, hivi kwamba kiumbe cha msituni hakiwezi kupita.

Serikali imefanya kazi yake kwa sehemu. Msitu wa Amani, ulio katika Muheza na Korogwe, uliwekwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na ule wa Nilo mwaka 2007. Huko Derema, wilayani Muheza, wakulima wa iliki walitakiwa kuacha mashamba yao ili vipande vya msitu viunganishwe. Walilipwa fidia, lakini si wote walioridhika nayo. Yafaa tuseme wazi: ni vigumu kumwambia mtu mwenye watoto sita na ekari moja kwamba iliki yake impishe kinyonga. Msitu ukitunzwa kwa hasara ya maskini peke yake hautatunzwa siku nyingi.

MSITU WATUFAA NINI?

Hata hivyo, tusidhani kwamba kinyonga na mtu wa Handeni hawana neno pamoja. Ule ule mvuke uliomhifadhi kinyonga ndio uijazao mito yetu. Bomba kuu liletalo maji Handeni huchota mto Pangani upande wa Korogwe. Mji wa Tanga hunywa maji ya mto Zigi, utokao misitu ya Usambara Mashariki. Msitu hulikamata wingu, huyanyonya maji kama sifongo, kisha huyaachia kidogo kidogo mpaka kiangazi. Mlima uliokatwa miti huyaachia yote siku moja, pamoja na udongo.

Wazee wa Kizigua walilijua jambo hili bila darubini. Katika nchi kavu ya Handeni waliacha misitu midogo midogo ambayo shoka halikuingia, penye makaburi na penye chemchemi. Mingi ya misitu hiyo ingali iko. Ukitembea leo Handeni ukaona kichaka kirefu chenye miti mizee katikati ya mashamba, jua kwamba kuna kizazi kilichojinyima kuni zake ili wewe ukikute.

Basi wewe msomaji wa Nguu, wa Bungu au wa Handeni waweza kufanya nini? Usilime mpaka ukingoni mwa kijito. Acha miti isimame pande zote mbili. Ukisafisha shamba, usiwashe moto siku ya upepo. Moto mmoja uliopotea hula msitu wa miaka mia tatu kwa jioni moja. Panda miti ya kuni karibu na nyumba ili mama asiifuate hifadhini. Kijiji chenu kikiwa na msitu wake, nenda katika mkutano siku unapojadiliwa, usiwaachie wachache waamue nani akate mbao. Na watoto wakimpiga kinyonga mawe kwa kumwogopa, kama ifanyikavyo sana, waambie kwamba hana sumu, na kwamba yule wa mlima wao hayuko katika mlima mwingine.

Mama mwenye busara hutundika mbegu za mahindi juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu. Njaa ikiingia nyumbani, watoto watazitazama na kulia, naye hatazishusha. Ajua kwamba akizipika leo, mwaka ujao hana cha kupanda. Milima yetu imetunza mbegu za namna hiyo tangu kabla mtu hajaitwa mtu. Sisi tumezikuta zimetundikwa, na kuzilinda sasa ni zamu yetu.